Nywele Zisimtoe Mtoto Darasani

Muhula wa kwanza wa shule nchini Zambia huanza Januari, wakati Ziwa Mweru limefungwa. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hukataza uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi hiyo mitatu familia za mwambao wa Nchelenge, za Kafutuma hadi Kashikishi, hujishikiza kwa muhogo, kwa akiba ya dagaa wakavu waitwao chisense na kwa mkopo wa dukani. Shule hufunguliwa katikati ya ukata huo. Mzazi anahangaikia daftari, viatu na sabuni, na bado kichwa cha mtoto kitakaguliwa.

Ukaguzi wenyewe anaujua kila aliyepita shule za ukanda huu wa Afrika. Ni paredi ya Jumatatu, mistari imenyooka, mwalimu wa zamu anapita nyuma ya watoto akichomeka kalamu kwenye nywele. Kalamu ikisimama, mwenye kichwa anatoka mbele. Mwingine anaambiwa arudi nyumbani akanyolewe. Mwingine ananyolewa papo hapo: njia moja ya mkasi kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, basi, anaachwa na mfereji huo hadi jioni ili wenzake wajifunze. Aliyetoka mbele hakuiba wala hakupigana. Nywele zimeota.

Shule ina haki ya kuweka kanuni za mwonekano, na sijapata kuona shule iliyoendeshwa vizuri bila kanuni yoyote. Ninachokipinga ni kanuni ya nywele kupewa uzito wa kumnyima mtoto masomo. Kanuni ambayo haiwezi kutekelezwa bila kumtoa mtoto darasani, au bila kumdhalilisha mbele ya wenzake, imeshindwa kazi ya shule hata kabla hatujauliza kama nywele fupi zinapendeza kuliko ndefu.

Watu wa Mweru wana bahati ya kuweza kulipima jambo hili kwa macho yao, kwa sababu ziwa lina kingo mbili na kila ukingo una shule zake. Ng'ambo, upande wa Kongo, kuna Pweto na Kilwa. Binti wa huko anakwenda shule na shati jeupe na sketi ya buluu, sare inayojulikana nchi nzima, na kichwani ana nywele zilizosukwa. Katika shule nyingi za Kongo kusuka ndiko unadhifu wenyewe. Ziko hata shule za wasichana zinazochagua mtindo mmoja wa kusuka ambao wote wanaufuata, na anayeulizwa getini ni yule aliyekuja na nywele zilizotimka. Upande wa Zambia mambo hutegemea mkuu wa shule na bodi yake: huku wanaruhusu mistari ya kawaida, ile ambayo Wazambia huiita mukule na Watanzania huiita twende kilioni, kule wanataka kichwa kifupi kwa wote, wasichana kwa wavulana.

Ukoo wa ziwa hili uko pande zote mbili. Mtoto huhama kwa shangazi, kwa mjomba, kwa bibi, kufuata samaki au kukimbia vita. Binti akivushwa kwa boti na kuandikishwa Nchelenge anaweza kukuta nywele zile zile zilizokuwa nidhamu wiki iliyopita zimegeuka utovu wa nidhamu, na walimu wa pande zote mbili wanaapa kwamba wanalinda maadili. Kama kusuka kungekuwa kunaharibu masomo, tungeshaona ng'ambo taifa zima la wasichana wasiojua kusoma kwa sababu ya mistari kichwani. Matatizo ya shule za Kongo ni mengi na yanajulikana, kuanzia mishahara ya walimu hadi vita, lakini nywele hazimo.

Tofauti hii ina historia. Upande wa Kongo, Rais Mobutu katika miaka ya 1970 alihubiri kurudi kwenye asili: majina ya Kizungu yakaachwa, wanaume wakavaa abakosti, koti lililochukua nafasi ya suti ya Kizungu, wanawake wakakatazwa suruali na wigi, na nywele za kusuka zikapata heshima ya kitaifa. Upande wa Zambia mizizi ya nidhamu ya mwili shuleni iko kwenye misheni. Kusini mwa Nchelenge, huko Mbereshi, Mabel Shaw wa London Missionary Society alifika mwaka 1915 akaanzisha shule ya bweni ya wasichana, ya kwanza ya aina yake katika iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, akaiongoza hadi mwaka 1940. Shaw alisifiwa, na wengine walimlaumu, kwa kuziingiza mila za wenyeji katika maisha ya shule. Hata hivyo aliyeamua mila ipi ibaki na ipi iachwe alikuwa mwalimu. Bwenini mtoto analala, anakula, anaoga na kuvaa kwa amri ya mkubwa mmoja, na desturi hiyo ya bweni baadaye ilihamia shule za kutwa, ambako mtoto anarudi kila siku kwa mama yake mwenye mikono ya kumsuka.

Tanzania nayo ilipitia yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia 1 Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, wigi na dawa za kujichubua zikapigwa vita mitaani Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, basi, mamisionari, chama na rais waliwaambia Waafrika wa ukanda huu jinsi mtu mwenye heshima anavyopaswa kuonekana, na kila mmoja alitoa jibu lake. Kwa hiyo anayesema kichwa kipara ni utamaduni wetu atuambie ni utamaduni wa nani na ulianza lini.

Hoja za walimu, hata hivyo, hazifai kudharauliwa, na ya kwanza ni usafi. Nywele fupi zinaoshwa haraka, zinakauka haraka, na chawa hawapati pa kujificha. Katika bweni lenye bomba moja hilo si jambo dogo. Lakini ugonjwa wa kichwa unaowasumbua zaidi watoto wa shule zetu ni mapunye, na hapo hoja ya wembe inayumba. Mapunye ni fangasi. Huingia ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, kwa hiyo kunyoa kunaondoa kinachoonekana na kuacha ugonjwa chini ya ngozi ya kichwa. Dawa ya kupaka peke yake haifiki huko. Mtoto anahitaji vidonge, mara nyingi griseofulvin, kwa wiki kadhaa mfululizo. Isitoshe, fangasi husafiri kwa chanuo, kofia, taulo na mashine ya kunyolea.

Fikiria sasa Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Kibanda cha kinyozi kina paneli moja ya sola na mashine moja. Watoto wamepanga foleni tangu asubuhi, kila mmoja na noti yake mkononi. Kinyozi anapuliza nywele kwenye meno ya mashine, anaipangusa kwa brashi, anaita anayefuata. Spiriti iliisha saa nne. Kama kichwa cha tatu kilikuwa na mapunye, kila kichwa kilichofuata kimewekwa hatarini. Nyumbani kwa asiye na fedha ya kinyozi kuna wembe mmoja unaopita ndugu wote, na wembe uliokata ngozi hubeba damu, pamoja na homa ya ini na VVU vinavyoweza kuwa ndani yake. Amri ya kunyoa watoto wote kwa siku chache inaweza kusambaza kile ilichokusudia kuzuia. Shule inayojali usafi ingemwomba mhudumu wa afya aje kukagua vichwa, wa zahanati ya karibu au wa hospitali ya misheni ya St. Paul's pale Kashikishi, na mwenye mapunye apewe dawa huku akiendelea kusoma.

Wasusi nao wasione kwamba ninawatetea moja kwa moja. Misuko ya kubana sana, hasa ikiongezewa nywele za bandia nzito, huvuta shina la unywele mpaka linakufa. Nywele za pembeni zinakatika, paji la uso linapanda juu, na wakati mwingine hazioti tena. Mtoto wa miaka minane anayelala na kichwa kinachomuuma kwa sababu mama alitaka apendeze ametendewa vibaya. Shule ikisema misuko iwe milegevu na isiyo na nyongeza, inamlinda mtoto, nami nitaiunga mkono.

Hoja ya pili ni usawa, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Mwalimu atakuambia: nikiruhusu nywele, mtoto wa mwenye boti tatu atakuja na rasta za bei kubwa, mtoto wa mchuuzi wa muhogo atakuja na matuta yake, na darasa litagawanyika kabla sijaandika tarehe ubaoni. Ni kweli. Nywele zimekuwa biashara kubwa na watoto wanajua bei. Lakini hoja hii inagusa nywele za dukani. Mistari iliyosukwa na dada mlangoni jioni ya Jumapili, kwa nywele za mtoto mwenyewe au kwa uzi mweusi, haimtangazi tajiri wala maskini. Nywele za bandia, dawa za kulainisha, rangi na wigi ndivyo vinavyotangaza mfuko. Shule ikivikataza hivyo na kuacha nywele zilizoota kichwani, usawa unalindwa bila wembe.

Tena, tukihesabu gharama, kipara hakiko upande wa maskini kama inavyodhaniwa. Nywele za mtoto zikitakiwa ziwe fupi daima, zinahitaji kinyozi karibu kila mwezi, na kinyozi anataka fedha taslimu. Msuko wa kawaida unalipwa kwa muda wa mama, wa dada au wa jirani, na Januari, ziwa likiwa limefungwa, muda upo na fedha haipo. Kanuni iliyoandikwa na watu wenye mshahara wa kila mwezi humwangukia vibaya mtu anayeishi kwa msimu.

Hoja ya tatu huwa haisemwi mkutanoni, husemwa pembeni: msichana mwenye nywele nzuri atawavutia wanaume, kwa hiyo tumnyoe tumlinde. Ufukweni pana fedha ya haraka, madereva, wachuuzi na wavuvi wa kupita, na wasichana wanapata mimba wakiwa shuleni. Hofu ya wazazi ina msingi. Ila kinyozi hajapata kumzuia mtu mzima anayemtaka mtoto. Sheria ndiyo inayomzuia, pamoja na mzazi asiyekubali kulipwa ili anyamaze. Zambia tangu mwaka 1997 ina sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua. Nchi iliyokwisha kukubali kwamba mimba isiwe mwisho wa elimu ya msichana itawezaje kukubali kwamba nywele zimkatize?

Mfano ulio karibu zaidi ni wa sare. Serikali ya Zambia ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2002, kwa darasa la 1 hadi la 7, ilisema pia kwamba sare si lazima na kwamba asiye nayo asifukuzwe. Mwaka 2022 ada zikaondolewa hadi mwisho wa sekondari katika shule za umma. Sare haikutoweka. Wazazi wengi bado wanaishona kwa fahari, na shule bado zinaihimiza. Kilichobadilika ni kwamba kukosa sare kuliacha kuwa sababu halali ya kumweka mtoto nje ya darasa. Nywele zinastahili daraja hilo hilo: zihimizwe, zisimamiwe, zisiwe kizuizi.

Sheria nayo inazungumza. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Elimu ya Zambia ya mwaka 2011 kinamkataza mwalimu kumpa mwanafunzi adhabu ya viboko au kumtendea kwa namna ya kikatili na ya kudhalilisha. Miaka kumi na miwili kabla yake, mwaka 1999, Mahakama Kuu katika kesi ya John Banda ilikwisha kusema kwamba adhabu ya viboko inapingana na katiba. Walimu wengi wanakumbuka kiboko na kusahau neno kudhalilisha. Mfereji wa mkasi katikati ya kichwa cha mtoto, unaoachwa makusudi ili achekwe, ni udhalilishaji wa wazi kuliko kiboko, kwa sababu kiboko huisha na mfereji unakwenda naye nyumbani, kanisani na sokoni.

Kuhusu wale ambao dini yao inawakataza kukata nywele, mahakama za jirani zimekwisha kutembea njia ndefu. Kenya, Januari 2019, msichana wa kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya Olympic, Kibera, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya dredi alizokuwa akizifunika kwa kilemba. Familia yake ni Rastafari. Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba shule ilikiuka haki yake ya dini na ya elimu. Zimbabwe, Mahakama ya Juu iliamua hivyo hivyo mwaka 2007 kwa mtoto wa shule ya msingi. Malawi, nchi jirani ya Zambia, tarehe 8 Mei 2023 Jaji Zione Ntaba wa Mahakama Kuu, Zomba, aliamua kwamba kuwafungia watoto wa Rastafari milango ya shule za umma mpaka wanyolewe ni kinyume cha katiba, akaipa wizara hadi 30 Juni kuwaandikia waraka wakuu wa shule.

Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Lusaka, ingawa wakili mwerevu atazifikisha mbele yake. Zambia yenyewe ina kesi ya zamani inayokwenda upande mwingine. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya Feliya Kachasu, mtoto wa Mashahidi wa Yehova aliyesimamishwa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa na kuipigia saluti bendera. Jaji Mkuu Blagden alikubali kwamba dhamiri ya mtoto imeguswa, lakini akaona katiba inairuhusu serikali kufanya hivyo katika mazingira ya nchi changa. Luapula, mkoa ilimo Nchelenge na wenye Mashahidi wengi tangu ukoloni, uliielewa hukumu hiyo bila kufafanuliwa. Na hata ukiikubali, haiwasaidii watetezi wa wembe. Mwaka 1967 serikali ilikuwa na sababu ya kutaja: umoja wa taifa lenye umri wa miaka mitatu. Shule inayomrudisha mtoto kwa ajili ya nywele za sentimita mbili itataja sababu gani yenye uzito huo?

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iligusa kiini cha jambo mwaka 2007, katika kesi ya mwanafunzi wa Durban aliyevaa kipini puani kwa mila ya familia yake yenye asili ya India ya Kusini. Haikuzifuta kanuni za shule. Ilisema shule ilipaswa kumpa nafasi ya pekee, maana kipini hicho hakikuvuruga chochote, na kusema tu kwamba kanuni ni kanuni hakutoshi. Inafaa pia kusema kwamba mahakama si dawa ya kila kitu: mnamo Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya iliibatilisha hukumu iliyowaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu, kwa kasoro za jinsi madai yalivyowasilishwa, na suala lenyewe likabaki bila kuamuliwa. Mtoto anayesubiri mahakama anaweza kumaliza umri wa shule akisubiri. Ndiyo maana kazi hii ni ya bodi za shule na mikutano ya wazazi.

Kanuni nzuri inaenea nusu ukurasa. Nywele za mwanafunzi ziwe safi na zisimzibe macho yeye wala anayekaa nyuma yake. Awe na hiari ya kuzinyoa, kuzipunguza, au kuzisuka mistari ya kawaida isiyobana. Nywele za bandia, rangi, dawa za kulainisha na mikato ya maonyesho kama kiduku visiletwe shuleni. Mwenye sababu ya dini au ya kiafya aeleze, na maelezo yake yaandikwe mara moja tu, asiulizwe kila muhula. Anayevunja kanuni aandikiwe barua kwa mzazi, apewe muda, na wakati wote huo akae darasani. Mwalimu asishike mkasi. Wavulana na wasichana wapimwe kwa kipimo kimoja.

Walimu watasema kwamba kanuni isiyo na adhabu ya papo hapo haitaheshimiwa. Sikubaliani nao. Watoto huheshimu kanuni wanayoweza kuelezwa sababu yake, na mwalimu aliyezoea kupoteza saa nzima ya Jumatatu akichomeka kalamu vichwani atajikuta na saa hiyo kwa hesabu. Kwa shule yenye walimu wachache na darasa lililojaa hadi mlangoni, saa moja kila wiki kwa mwaka mzima ni mali.

Na bodi ambayo bado inaamini katika wembe inaweza kujipima yenyewe. Daftari la mahudhurio lipo katika kila shule. Kila mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mwonekano aandikwe sababu hiyo mbele ya jina lake, kwa wino. Novemba, ziwa likiwa bado wazi na wazazi wana nafasi ya kuja, mkuu wa shule awasomee mkutanoni idadi ya siku za masomo zilizokatwa pamoja na nywele, kisha aeleze shule ilipata nini badala yake. Akiweza kuwaridhisha wazazi, aendelee na kanuni yake. Akishindwa, Januari ifunguliwe bila hiyo.